Upande wa Djuma

Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa tano, 2024

Kwako Mama Djuma, ndugu yangu Asma,

Salamu nyingi kupita mashimo ya barabara ya Kabambare. Mimi niko muzima, na wewe nakuombea hivyo, pamoja na hao wawili.

Nimefika. Ndege ilitikisika mpaka nikataja majina yote ya Mungu ninayoyajua, halafu nikaanza tena mwanzo. Tuko wasichana makumi tatu mu kambi, wote chini ya miaka makumi mbili, na watakaovuka mto kwenda Brazzaville kwenye championnat ya kanda ni makumi mbili tu. Wengi ni wa hapa Kinshasa na Lubumbashi. Niliposema natoka Kasongo, mumoja akauliza: "Kasongo iko mu inchi gani?" Nikamwambia ngoja mupira uguse muguu wangu, utaiona mwenyewe kwenye karte ya dunia.

Simu zetu wamezifungia mu sanduku mpaka championnat iishe. Lakini kuna Mama Louise, anayefua nguo za ekipe, timu yetu. Yeye atapiga picha ya barua yangu na kumutumia bwana yangu Zuberi kule Kasongo. Zuberi ataitoa kwenye karatasi pale kwa Yvette mwenye mashini ya kuchapa, Pacifique atakuletea na moto yake, ile pikipiki. Yako utamupa Pacifique, irudi njia ileile. Mama Louise anajua Lingala tu, Kiswahili hapana, kwa hiyo naandika bila kujificha.

Asma, nimefanya jambo. Siku ya kwanza walitupa fishi, karatasi ya kujaza. Jina. Umri. Magonjwa. Halafu: watoto wangapi? Mukono wangu ulisimama. Feza, kapiteni wetu, alikuwa mbele yangu, akacheka: "Mwenye kunyonyesha anarudi na ndege ya kesho!" Nikaandika zero. Niliandika zero na maziwa yanatoka palepale, nimejifunga kitambaa mara tatu chini ya shati.

Sasa asubuhi na jioni naingia choo, nakamua, namwaga. Nikiacha yatakauka, na siku ya kurudi mutoto wangu Zaituni atanitazama kama mugeni aliyekuja kuuza samaki. Hiyo ndiyo woga yangu. Zile ekipe kubwa siziogopi hivyo.

Kumbuka tulivyofanya mbele ya Bibi Fatuma na mama mukwe wako. Mara tano wewe ulimunyonyesha Zaituni, mara tano mimi nilimunyonyesha Djuma, ili watu wote wajue kama hawa ni ndugu wa maziwa, hawataoana siku hata moja. Djuma aliniuma mara ya tano na yale meno yake mawili. Alama bado iko. Na wewe ulisema: upande wa kushoto wa Djuma, wa kuume wa mugeni. Shika hivyohivyo. Usimuzoeze sana. Mwambie mama yake iko njiani.

Mwenzako,
Rachida


Kabambare, tarehe 11 mwezi wa tano

Kwako Rachida (lile jina lako la mama siandiki juu ya karatasi, fishi yako isije ikasikia),

Pacifique alifika jana na tope mpaka kwenye meno. Antena ya simu bado imelala chini tangu ile mvua, rezo hakuna, kwa hiyo barua yako tumeisoma watu sita kwa sauti. Ile ya "Kasongo iko mu inchi gani" wameirudia mara nne.

Mutoto wako ana sauti ya kuamsha soko. Chupa aliitema siku ileile uliyoondoka. Maziwa ya kopo uliyoyaacha, bwana yangu Kamaldine anatia mu chai yake na kusema shemeji Rachida ni mutu mwema.

Wanakula wakati mumoja, kila mutu kambi yake. Djuma kushoto, Zaituni kuume. Djuma ananyoosha mukono, anashika sikio la mwenzake, haachi mpaka ashibe. Zaituni akijaribu kuvuka kuja kushoto, Djuma anapiga kelele kama refa. Jana alipiga kelele, mwenzake naye akaanza, Kamaldine akatoka nje na sahani yake, akala bugali na majani ya sombe amesimama kwa jirani. Anasema nyumba yake imekuwa stadi ya mupira.

Unakumbuka wakati mimi nilikuwa golini na wewe mbele? Shemeji zako walikuwa wanasema huyu Asma, hata upepo haupiti. Basi goli langu sasa ni hao wawili. Lala usingizi. Hakuna kitu kitapita.

Djuma ametoa jino la tatu. Zaituni bado, ufizi tu, lakini anauma nao vizuri.

Kila asubuhi namwambia mama yake iko njiani. Ananiangalia kama mutu anayesikia bei ya uongo.

Mimi,
Mama Djuma


Kinshasa, tarehe 20 mwezi wa tano

Mama Djuma, eee Mama Djuma!

Niko ndani! Walisoma majina leo asubuhi, langu lilikuwa la kumi na saba, nilikuwa nimekwisha kufunga mufuko wangu. Nitavaa namba kumi na moja. Waambie watu sita, waambie na wa saba.

Sasa sikia ya pili. Juzi nilikuwa mu choo nakamua, mulango haufungi vizuri, Mama Louise akaingia kuchukua ndoo. Akaniona. Nikajifunika upesi na shati. Mama Louise alitoka, akarudi na maji ya moto na kitambaa, akaniwekea kifuani, akaniambia kwa Lingala kwamba yeye amezaa saba. Basi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anasimama kwenye mulango, na mutu akija anamwambia choo kimejaa.

Maziwa yamepungua, Asma. Zamani kikombe, sasa nusu. Lakini bado yapo. Mutunzie Zaituni upande wake wa kuume tu, nakuomba, asizoee kupata kwingi. Nataka akinipata mimi aone nafaa.

Mubusu Djuma kwenye yale meno.

Rachida, namba 11


Kabambare, tarehe 30 mwezi wa tano

Rachida,

Barua yako ilifika. Hongera.

Zaituni iko muzima. Sasa anakaa peke yake bila kuegemea. Jino moja limetoka, chini. Anakula pande zote mbili, ananenepa.

Wageni walikuwa wengi mu nyumba, hata wale wa Lusangi walikuja, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Wanawake ndio walipika, mimi sikushika hata chungu.

Usijibu upesi. Cheza kwanza.

Asma


Brazzaville, tarehe 7 mwezi wa sita

Asma,

Tumecheza mechi mbili, tumeshinda mbili. Ya pili goli ni langu, kwa kichwa, mimi mufupi hivi. Wasichana walinirukia mpaka nikaogopa kifua changu kitamwaga siri mbele ya watu wote. Nilipaswa kukuandikia hayo tu na kufurahi. Siwezi.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imechoka. Pande zote mbili. Nilikuomba nini, Asma? Nilikuomba upande mumoja! Mimi naamka kabla ya wengine kujikamua kama mbuzi ili mutoto wangu asinisahau, na wewe unamupa kuume, unamupa kushoto, unamunenepesha! Na Djuma unamupa nini? Djuma anakula nini? Umemuachisha mutoto wako mwenyewe, wa miezi nane, umemuweka kwenye uji, ili umuchukue wangu?

Na karamu gani hiyo mulifanya, mpaka watu wa Lusangi wakaja? Mulikuwa munamuonyesha Zaituni kwa ukoo kama wenu? Hata kupika hukupika, ulikaa kama bibi harusi na mutoto wangu kwenye mapaja.

Kama ni kwa sababu mimi nilirudi kwenye mupira na wewe uliacha tangu mimba ya Djuma, sema. Mimi sikukutoa golini.

Mwambie Djuma mimi ndiye namutetea. Mwambie apige kelele.

Rachida


Kasongo, tarehe 10 mwezi wa sita

Kwa mke wangu Rachida,

Assalam aleikum. Nakuandikia mimi Zuberi, bwana yako.

Wiki hii nilikuwa nimekwenda Nyangwe kununua samaki, nikamuachia Yvette simu yangu pale kwenye mashini. Barua yako ya tarehe saba aliitoa yeye na kumupa Pacifique bila kuisoma, kama kawaida. Nimeisoma mimi jana usiku, Pacifique iko amekwisha kufika Kabambare. Kama ningekuwa hapa, ile barua isingepita. Ningesema mashini imeharibika. Ningesema chochote.

Rachida, kaa chini kabla ya kusoma.

Djuma amekufa. Ni tarehe 24 mwezi wa tano, siku ya Ijumaa. Homa ilianza siku mbili kabla, siku ileile Pacifique alipofika na habari ya namba yako kumi na moja. Walimupeleka dispensari, munganga akasema damu imepungua, apelekwe Kasongo. Walipanda moto: Pacifique mbele, Asma nyuma yake na mutoto, Kamaldine akawafuata na moto nyingine. Mvua. Mutoto alikatika roho njiani, Asma hakusema. Aliendelea kumufunika mvua mpaka Pacifique aliposimama kutia mafuta. Walirudi. Walimuzika kabla ya sala ya alasiri.

Wale wageni wa Lusangi walikuja kwa kilio.

Asma ndiye alitukataza. Mimi nilipofika kwenye kilio nilishika kalamu nikuandikie, akasema: "Akijua atarudi. Aliondoka na kitambaa kifuani, na arudi bila kitu? Acha amalize." Mama mukwe wake alitaka Zaituni aondolewe, eti maziwa ya mama aliyefiwa yanachacha mu tumbo la mutoto. Asma akamubeba Zaituni, akakaa naye mu pembe, akasema atakayemugusa atamuona goli-kipa wa zamani.

Sisi wote tulidanganya. Usimuwekee yeye peke yake.

Mutoto wetu iko muzima kabisa.

Zuberi


Brazzaville, tarehe 11 mwezi wa sita

Asma

Asma

Niliandika anakula nini. Niliandika kwa mukono huu.

Usiisome ile barua. Kama hujaisoma, mupe Pacifique aichome. Kama umeisoma sijui. Sijui kuandika. Leo sikukamua, nimesahau, shati limelowa lote na sijali wanaona

Asma nijibu hata neno moja


Kabambare, tarehe 14 mwezi wa sita

Rachida, Mama Zaituni (leo naandika juu kabisa ya karatasi, fishi ife yenyewe),

Nimeisoma. Mara mbili.

Mara ya kwanza nilikasirika mpaka nikamwambia Pacifique asizime moto, nimupe mutoto akupelekee hukohuko Brazzaville. Pacifique akauliza: "Dada, kwenye mto nafanyaje?" Nikakaa chini.

Mara ya pili nilicheka. Ndiyo, nilicheka, tangu siku ile mara ya kwanza, Kamaldine akakimbia kutoka nje akizani nimepata wazimu. Kwa sababu hapa watu wote wamekwisha kuacha jina lake. Wanapita nalo mbali, kama mutu anayepita karibu na mutoto aliyelala. Nguo zake wamezificha. Wewe peke yako ulikuwa unauliza: Djuma anakula nini? Mwambie apige kelele. Dunia nzima, wewe peke yako ulikuwa unamugombania kama muzima. Hiyo barua siichomi. Nimeiweka na kofia yake.

Sasa nitakuambia habari ya upande wa kushoto, maana uliutukana bila kujua.

Baada ya mazishi nilimupa Zaituni kuume tu, kama ulivyoniomba. Kushoto niliacha. Nilisema ni kwa Djuma, haingii mutu. Siku ya nne ulikuwa muzito kama jiwe, moto, nikapata homa. Wanawake waliniambia kamua, mwaga mu udongo. Sikuweza. Wewe umeweza kumwaga, ulikuwa unamwaga ya mutu anayekungojea. Mimi ningemwagia nani?

Nilisinzia na Zaituni pembeni. Nilipoamka, alikuwa amevuka mwenyewe. Amepanda juu ya tumbo langu, iko kushoto, anakula kwa nguvu, na mukono wake unatafuta hewani. Nikaelewa anatafuta nini. Sikio lake lilikuwa halijashikwa na mutu. Alikuwa anangoja refa apige kelele.

Hakuna aliyepiga. Nikamuacha.

Sikukuibia mutoto, Rachida. Lakini sitakudanganya tena: kila siku nikisikia moto ya Pacifique, moyo wangu unasema labda ni wewe, unakuja kumuchukua, na mimi nitayaweka wapi haya maziwa. Sitaki unionee huruma. Nauliza tu, kama mutu anayeuliza njia.

Nilikuambia hakuna kitu kitapita. Kimepita. Nilikuwa nimesimama vizuri, nakuapia, nilikuwa nimefungua mikono yote miwili.

Asma


Brazzaville, tarehe 17 mwezi wa sita

Mama Djuma wangu,

Barua yako nimeishika na mukono wangu uleule uliokutukana. Namshukuru Mungu ulicheka. Mimi bado.

Acha nikuambie ya hapa kwanza. Siku ile ya barua ya Zuberi nilikwenda kwenye mazoezi kwa sababu sikujua mutu anaenda wapi. Mupira ulikuja, ukapita pembeni ya muguu wangu, mimi nikakaa kwenye majani. Kocha Michel akaja: "Umeumia?" Nikasema hapana. "Nani amekufa?" Sijui alijuaje. Nikamwambia: mutoto wangu.

Wasichana wote wakaacha mupira, wakatuzunguka. Kocha akatuma fishi iletwe. Akanionyesha: "Hapa umeandika zero." Basi nikasema yote, choo, kitambaa, Mama Louise kwenye mulango. Nikangoja aniambie nifunge mufuko.

Asma, yule mutu alishangaa kunipita. Aliuliza: "Nani alikuambia tunarudisha wamama?" Nikamuangalia Feza. Feza akafunika uso na mikono. Alisema ilikuwa masikhara tu, kwamba yeye mwenyewe ana mutoto wa miaka mitatu, ameandika moja kwenye fishi yake na hakuna aliyemuuliza. Kicheko kimoja, na mimi nimemwaga maziwa mwezi muzima na nusu kwa siri! Ningeweza kukuandikia wazi. Zuberi angeweza kumupigia kocha simu. Ningekuwa nimeomba siku tano nije kukaa na wewe pembeni. Tulikuwa tunafichana wote, mimi huku, ninyi huko, na mutoto katikati anazikwa.

Feza alivua soksi zake safi akanipanguza uso nazo. Analala kitanda kimoja na mimi tangu siku hiyo. Anapiga teke.

Sasa njia uliyouliza. Kesho ni fainali. Kocha hajasema kama nitaanza au nitakaa kwenye benchi, na mimi sikumuuliza. Nikicheza nitakimbia, unanijua. Tarehe makumi mbili na moja tunavuka mto, ndege ya Kindu ni siku ya pili yake, halafu moto. Sifiki Kabambare kumuchukua mutu. Nafika kukaa. Zuberi amekubali, atakuwa anakuja na samaki wake, mpaka Zaituni atimize miaka miwili. Yangu yamebaki kidogo sana, vijiko viwili, vitatu. Nitampa kuume hata ikiwa anavuta hewa. Kushoto ni kwako. Akivuka kuja kwako kushoto, mimi ndiye nitapiga kelele ya refa, na wewe utamushika sikio.

Na nguo za Djuma uwaambie wazitoe walikozificha. Zaituni atazivaa. Ni za kaka yake.

Jambo la mwisho, halafu Mama Louise achukue picha, ananingoja na ndoo.

Kocha alinipa fishi mupya, akasema andika ukweli. Jina. Umri. Magonjwa. Halafu: watoto wangapi? Mukono haukusimama. Nikaandika: wawili, na majina na miezi yao. Mumoja muzima, mumoja amekufa.

Akasoma, akahesabu na vidole, akaniangalia. "Zaituni miezi saba, Djuma miezi nane. Wewe, hawa uliwazaa namna gani?"

Nikamwambia: mumoja nilimuzaa. Mumoja aliniuma, na alama bado iko.

Hakufuta.

Rachida, mama yao